Mwongozo kamili: kupiga picha za ukumbi na kundi la bwana harusi kabla ya sherehe kuanza

Wanandoa wengi hawauoni ukumbi wao ukiwa umekamilika na bado mtupu. Wamehangaika miezi na rangi za vitambaa, maua na mpangilio wa meza, lakini wanapoingia wageni wameshakaa, viti vimesogezwa, mikoba iko juu ya meza na mishumaa imeungua nusu. Bwana harusi naye hajioni anapovishwa koti na rafiki zake. Anachokumbuka baadaye ni joto na haraka. Mambo hayo mawili hutokea katika saa mbili au tatu za kabla ya sherehe, na mpiga picha ndiye anayeweza kuwarudishia.

Sehemu hii ya siku inadharauliwa mno, na sioni sababu. Ni wakati pekee ambao uamuzi bado uko mikononi mwako: unachagua chumba, unachagua dirisha, unamsimamisha mtu unapotaka. Sherehe ikishaanza wewe unafuata tu. Ndiyo maana humu nimetumia nafasi kubwa kueleza mwanga, usafi wa chumba na muda, na ndogo kueleza mapozi. Pozi la kawaida kwenye mwanga mzuri na chumba safi linatosha, ila pozi la ajabu halijawahi kuokoa chumba kichafu chenye taa za rangi tatu.

Panga muda kuanzia mwisho kurudi nyuma

Chukua saa ya sherehe, kisha rudi nyuma. Tuseme sherehe ni saa 8:00 mchana. Wageni wataanza kuingia kama saa 7:30, hivyo picha za ukumbi mtupu ziishe kabla ya hapo. Toa dakika za safari kutoka anakovalia bwana harusi, toa na nyingine kumi za foleni au funguo zilizopotea. Ratiba ya mpiga picha aliye peke yake inaweza kuwa hivi: saa 5:00 unafika chumbani na kuanza na vitu vidogo, saa 5:30 kuvaa, saa 6:00 picha za bwana harusi akiwa peke yake, saa 6:15 kundi zima, saa 6:40 unaondoka, saa 7:00 uko ukumbini.

Ukumbi umewekwa mwisho kwa sababu wapambaji humaliza mwisho. Swali la muda muulize mpambaji mwenyewe, usimuulize mwenye ukumbi: "Mtamaliza saa ngapi, na taa za jioni mtaziwasha lini?" Jibu lolote atakalokupa, liongezee nusu saa. Kama mko wapiga picha wawili, mmoja abaki na bwana harusi mpaka mwisho na mwingine aende ukumbini mapema. Msibadilishane katikati, maana aliyekwisha kuzoewa chumbani hupata nyuso zilizotulia.

Ratiba hiyo mtumie bwana harusi na msimamizi wake siku mbili kabla, ikiwa na ombi moja: vitu vyote vidogo viwekwe kwenye mfuko mmoja usiku wa kuamkia harusi. Pete, saa, tai, vifungo vya mikono ya shati, viatu, manukato, kadi ya mwaliko. Bila hivyo nusu saa yako ya kwanza itaishia kuuliza soksi ziko wapi.

Vifaa na mipangilio ya mwanzo

Beba kamera mbili, hata kama ya pili ni ya kuazima. Zilinganishe saa: piga picha ya saa ya simu moja kwa kamera zote mbili, ili ukipanga picha baadaye zifuatane sawasawa. Piga kwa RAW (faili ghafi linalotunza taarifa zote za picha), na kama kamera ina nafasi mbili za kadi, iandike kote kuwili kwa wakati mmoja.

Kwa lenzi, zumu ya 24–70mm inafanya kazi nyingi za siku hii (namba ndogo ya mm huona upana, kubwa huvuta karibu). Ongeza 85mm kwa nyuso, na lenzi ya kupiga karibu kama unayo. Namba zote humu ni za sensa (kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera) kubwa ya milimita 36 kwa 24. Ukiwa na sensa ndogo ya APS-C, zidisha kwa takriban 1.5: lenzi ya 50mm inaona kama 75mm, na utahitaji kitu cha karibu 16mm ili kupata upana wa 24mm. Tripodi ni ya ukumbini. Flashi ni ya dharura na iwe na uwezo wa kugeuzwa kichwa.

Chumba cha bwana harusi: dirisha kwanza

Ukifika, salimia kila mtu, weka begi chini, kisha zunguka bila kamera. Unatafuta dirisha kubwa, hata kama liko kwenye chumba kidogo. Mara nyingi sebule yenye makochi mazuri ina mwanga duni, na chumba cha nyuma cha watoto kina dirisha refu linaloangalia ukuta mweupe wa jirani. Hicho cha watoto ndicho chako.

Zima taa zote za chumba hicho. Mwanga wa mchana una joto la rangi la karibu Kelvin 5500 (namba ikipanda, rangi huelekea buluu), na balbu za manjano ziko kati ya 2700 na 3200. Vyote viwili vikimwangukia mtu mmoja, shavu moja linakuwa la buluu na jingine la chungwa, na hakuna programu itakayoyasawazisha bila kuharibu ngozi. Bwana harusi akikuambia chumba kimekuwa giza, mwonyeshe picha moja ya majaribio. Hatauliza tena.

Kisha safisha, lakini si chumba kizima. Chagua pembe moja ya kupigia, ondoa kila kitu kwenye pembe hiyo, na rundika mgongoni mwako mabegi, chaja, hanga, mifuko ya nailoni na vikombe. Vua shuka lililokunjamana au litandike vizuri. Watu wasiohusika na tukio la wakati huo nao wakae nyuma yako. Waombe kwa adabu: "Ndugu zangu, naomba mnipe upande huu dakika kumi tu." Wanakubali, kwa sababu umewapa muda wa kuisha.

Kama dirisha halipo au ni dogo mno, mlango uliofunguliwa unaoelekea kivulini hufanya kazi ileile. Kama hata huo haupo, geuza flashi ielekee dari jeupe au ukuta mweupe nyuma ya bega lako. Angalia rangi ya dari kwanza: dari la mbao litarudisha mwanga wa kahawia usoni.

Vitu vidogo

Hapa usikae sana. Dakika ishirini zinatosha, na vitu vitano vilivyopigwa vizuri ni bora kuliko kumi na tano vilivyotapakaa kitandani. Weka meza ndogo au kiti karibu na dirisha ili mwanga uje kutoka ubavuni. Mwanga wa ubavuni ndio unaoonyesha mishono ya kiatu na ufumaji wa tai. Wa mbele hulainisha kila kitu kikawa bapa.

Pete zifute kwa kitambaa laini kabla hujazigusa na kamera, maana alama ya kidole isiyoonekana kwa macho huwa doa kubwa kwenye picha ya karibu. Kwa karibu namna hiyo, eneo lililo kali (linaloonekana wazi bila ukungu) ni milimita chache tu, hivyo funga tundu la lenzi hadi f/8 au f/11 (namba ya f ikikua, tundu hupungua na eneo kali huongezeka) na uweke kamera kwenye tripodi au uegemeze viwiko mezani. Ukimaliza, mrudishie msimamizi pete mkononi mwake huku akikuangalia. Usiziache mezani kwa maneno ya "nimeziweka pale".

Viatu: vifute vumbi, ingiza kamba ndani, shuka chini mpaka lenzi ilingane na kisigino. Na vigeuze uone nyayo. Stika ya bei iliyobaki chini ya soli huonekana na ukumbi mzima bwana harusi anapopiga magoti. Kuibandua kunachukua sekunde tatu.

Kuvaa

Bwana harusi aanze akiwa tayari na suruali na shati. Yaliyobaki yanafuata mpangilio wenyewe: vifungo vya mikono, tai, kizibao kama kipo, koti, ua la kifuani, saa, manukato. Kama vazi lake si suti bali ni vazi refu la kitamaduni au la kidini, kanuni ni zilezile, ila uliza mapema kipi huvaliwa kabla ya kipi na nani huwa anamvalisha.

Msimamishe hatua moja au mbili kutoka dirishani, mwili ukiwa umegeuka nusu kuelekea kwenye mwanga. Usimwambie aigize. Mwambie afanye kile alichokuwa anakwenda kufanya, ila taratibu: "Bwana harusi, geuza bega kidogo kwenye dirisha, halafu funga kama kawaida, bila haraka." Tofauti ya anayeigiza na anayefanya inaonekana kwenye vidole. Anayeigiza hushika tai kwa ncha za vidole na kuitazama kamera. Anayefunga kweli hubana fundo kwa gumba, kidevu kinapanda juu, na macho yanaenda pembeni yakisikiliza mikono.

Kitu kinachostahili kukaa nacho ni vifungo vya mikono ya shati. Karibu hakuna mtu anayeweza kujifunga mwenyewe vizuri kwa mkono mmoja, hivyo msimamizi atamsaidia, na hapo unapata mikono minne ndani ya fremu moja. Simama upande wa dirisha, lenzi ya 85mm, f/2.8, shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) 1/250 ya sekunde. Weka fokasi kwenye kifungo chenyewe. Ngoja. Msimamizi atapapasa tundu la kwanza, atalikosa, atainama karibu zaidi, na bwana harusi atanyoosha kiganja kama mtu anayepimwa mapigo ya moyo. Piga hapo, kisha bila kusogea miguu inua kamera kwenye nyuso zao. Wote wawili wanautazama mkono mmoja kwa makini ambayo huwezi kumwagiza mtu. Kwenye harusi nyingi hiyo ndiyo picha ya urafiki wao iliyo ya kweli zaidi siku nzima, na imepatikana bila neno "tabasamuni".

Uangalifu mmoja wa kiufundi: lenzi ya 85mm ikiwa f/1.8 na mtu yuko mita 2 mbele yako, eneo lililo kali lina unene wa sentimita 6 hivi. Jicho la karibu litakuwa kali, sikio halitakuwa. Kwa uso mmoja inapendeza, kwa nyuso mbili ni hatari. Mkiwa na watu wawili kwenye fremu nenda f/2.8 au f/4 na uwapange kwenye mstari mmoja kutoka kwako.

Mzazi, mlezi, kaka au yeyote wa karibu akiwepo, mwachie yeye koti au ua la kifuani. Msimamishe nyuma ya bwana harusi, avishe koti, kisha apangusie mabega. Baada ya kupangusa, wengi humgeuza mtoto wao na kumtazama. Usishushe kamera baada ya koti kuingia, maana picha ipo sekunde mbili au tatu baadaye.

Kabla hajatoka chumbani, mkague kuanzia juu mpaka chini, na umwambie unamkagua. Kola imekaa juu ya tai pande zote mbili. Fundo la tai limefika juu na kifungo cha shati hakionekani. Mkono wa shati unachungulia kama sentimita moja kutoka kwenye koti. Kifungo cha chini cha koti kiko wazi. Nyuzi za kiwandani zinazoshikilia mpasuo wa nyuma wa koti zimekatwa, na lebo ya nje ya mkono imetolewa. Mifuko haina simu, pochi wala funguo, maana simu moja mfukoni huvuta koti zima upande mmoja. Jasho lifutwe kwa kugusagusa na leso. Ukisugua, uso unakuwa mwekundu na unang'aa zaidi.

Bwana harusi peke yake

Robo saa. Unahitaji picha tatu zilizo tofauti kweli: uso na mabega akitazama kamera, nusu mwili akitazama dirishani, na mwili mzima. Nyingine ni ziada.

Jambo linalowasumbua wengi hapa ni mwangaza wa picha. Kamera hukadiria kwamba kila inachokiona ni cha kijivu cha wastani. Suti nyeusi ikijaza fremu, kamera inadhani kuna giza na inaongeza mwanga, hivyo suti inakuwa kijivu na uso unaungua kwa weupe. Kwenye fidia ya mwangaza, punguza nusu stopu hadi stopu moja (kupunguza stopu moja ni kukata mwanga nusu, kuongeza moja ni kuuzidisha mara mbili). Vazi jeupe ni kinyume chake: kamera inapunguza, vazi linakuwa la kijivu na uso unakuwa mweusi kuliko ulivyo, hivyo ongeza kiasi hichohicho. Ngozi ndiyo ya kutazama, si nguo. Kwa ngozi nyeusi iliyo karibu na shati jeupe, pima kwenye shavu lenye mwanga, kisha angalia kwenye histogramu (grafu ya mwanga wa picha, giza kushoto na weupe kulia) kwamba weupe wa shati haujagonga ukingo wa kulia.

Kama hajui afanye nini na mikono, mpe kazi: afunge kifungo cha koti, arekebishe saa, ashike mkono mmoja kwa mwingine kwenye kifundo. Mkono mfukoni unafaa kidole gumba kikibaki nje. Mwambie auegemeze uzito kwenye mguu wa nyuma, na mabega yatashuka yenyewe.

Kundi zima

Saa 6 mchana jua liko utosini na linachimba vivuli vyeusi kwenye macho. Usiwapange juani eti kwa sababu bustani ni nzuri. Tafuta kivuli kilicho wazi: ubavu wa jengo, baraza, chini ya paa linalofuatiwa na uwanja mpana. Wasimamishe karibu na ukingo wa kivuli hicho, nyuso zikielekea kwenye uwazi wenye mwanga. Epuka kivuli cha mti wenye majani machache, kwa kuwa madoadoa ya jua yatawaangukia mashavuni. Ikiwa hakuna kivuli kabisa, waweke migongo kwenye jua na upime mwanga kwenye nyuso, ukikubali kwamba anga litakuwa jeupe. Kivulini joto la rangi hupanda kufikia Kelvin 7000 au zaidi, hivyo ukiacha kamera kwenye mpangilio wa jua watu watatoka na ubuluu.

Anza na mstari rahisi. Bwana harusi katikati, hatua nusu mbele, msimamizi ubavuni mwake, wengine wakigawanyika pande mbili kwa urefu usiofuatana kama ngazi. Wasogee mpaka mabega yapishane kidogo, maana nafasi inayoonekana ya kawaida kwa macho huwa pengo kubwa kwenye picha. Miili igeuke kidogo kuelekea kwa bwana harusi. Kila mmoja mikono yake iwe na jambo lake, wasifanane kama walinzi. Simu, funguo na miwani ya jua vitoke. Miwani ivaliwe kwenye raundi moja ya pekee kama wanaipenda.

Piga kwa 50mm au zaidi ukiwa na nafasi. Chini ya 28mm, walio pembeni hunyooshwa mabega na vichwa, na huyo wa pembeni ataichukia picha hiyo maisha yake yote. Ukilazimika kupiga kwa upana, acha nafasi tupu kila upande ili mtu asikae ukingoni mwa fremu. Kwa mwili mzima shusha kamera usawa wa tumbo. Ukipiga kutoka usawa wa macho yako, miguu hufupika.

Mstari mmoja unatosha f/4. Safu mbili, nenda f/5.6. Kwa 50mm ukiwa mita 4 kutoka kwao, f/5.6 inakupa zaidi ya mita 2 za ukali, na hiyo inatosha hata kama mmoja ameegemea nyuma. Weka fokasi kwenye uso wa safu ya mbele, kwa sababu ukali huenea zaidi kwenda nyuma kuliko kuja mbele. Shata isishuke chini ya 1/125 hata kama wamesimama wima, kwani kila wakati kuna mmoja anacheka. ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga) ipande inavyohitajika. Chembechembe za ISO 1600 hakuna atakayezilalamikia, lakini uso uliotikisika utalalamikiwa.

Ni picha ngapi kwa kila mpangilio? Nic Svenson na Piers Barnes wa CSIRO, taasisi ya utafiti ya Australia, walipiga hesabu ya kupepesa macho na kazi hiyo ikapata tuzo ya Ig Nobel ya hisabati mwaka 2006. Kanuni yao kwa kundi la chini ya watu 20: gawanya idadi ya watu kwa 3 kama mwanga ni mzuri, kwa 2 kama ni hafifu. Watu 9 kivulini ni picha 3, ndani ya chumba chenye giza ni 5. Mimi huongeza moja zaidi, ninayopiga baada ya kusema "asanteni". Hapo ndipo mabega yanapolegea.

Baada ya mstari, watembeze. Wasogeze mita 20 mbele yako, tumia 100mm au zaidi, shata 1/500, fokasi ya kufuata mwendo. Waambie watembee polepole wakizungumza na jirani, wasitazame miguu, bwana harusi akitangulia nusu hatua. Mara ya kwanza watakuwa wakavu. Warudishe, waulize nani kati yao alikuwa wa mwisho kuamka leo, kisha waanze tena. Mara ya pili hakuna atakayeikumbuka kamera.

Picha za kurukaruka sizishauri kabla ya sherehe. Mashati yanatoka kwenye suruali, jasho linaanza, na ua la kifuani linavunjika shingo. Wakizitaka sana, waahidi za jioni.

Malizia kwa bwana harusi na mmoja mmoja. Sekunde kumi na tano kila mtu: kumbatio, salamu ya mkono, basi. Watu hawa wamesafiri, wamechanga, wamekesha. Kila mmoja wao anastahili kuondoka na picha yake na rafiki yake bila kukatwa kutoka kwenye picha ya kundi.

Ukumbini

Ukifika, tembea mara moja bila kupiga. Unatafuta visivyotakiwa: katoni, ngazi, ndoo, chupa za maji za mafundi, nyaya za spika zilizopita katikati ya njia, kiti kimoja kilichogeuka. Vya mafundi viondoe mwenyewe. Pambo lolote usiliguse, mwite mpambaji. Mwambie utamtumia picha za kazi yake, na utaona jinsi anavyonyoosha vitambaa kwa haraka.

Ukiwa na dakika tano tu, piga kwa utaratibu huu: ukumbi mzima kutoka pembeni, njia ya katikati, meza kuu, keki, meza moja ya wageni kwa karibu, lango la kuingilia. Hizo sita zinasimulia kila kitu. Ukiwa na dakika ishirini, fanya hivi.

Weka kamera kwenye tripodi, 24mm, f/8, ISO 100 au 200, na uipe kamera sekunde 2 za kusubiri ili mkono wako usiitikise. Shata ikishuka hadi 1/4 haidhuru, kwa kuwa hakuna kinachosogea. Urefu uwe juu kidogo ya migongo ya viti, kama mita 1.3, ili sura za meza zionekane. Muhimu kuliko yote, kamera iwe sawa kabisa, isiinamie wala kutazama juu. Ukiinamisha hata kidogo, nguzo zinaegemeana kama zinataka kuanguka. Dari likizidi, lipunguze baadaye kwa kukata picha.

Picha ya njia ya katikati inadai katikati halisi. Pima kwa hatua kutoka kiti cha kushoto na cha kulia. Kosa la sentimita kumi huonekana papo hapo kwenye mistari ya viti. Kisha nenda mbele, pale wanandoa watakapoketi, ukae kwenye usawa wa macho yao na upige kuelekea mlangoni. Wengi huisahau picha hii, nayo ndiyo mandhari watakayoyatazama wao wenyewe kwa saa kadhaa.

Madirisha yakiwa na mwanga mkali na ndani kukiwa na giza, piga tatu kutoka sehemu ileile: moja sahihi, moja chini kwa stopu 2, moja juu kwa stopu 2, uziunganishe nyumbani. Kisha omba mwendesha taa awashe taa kama zitakavyokuwa usiku, na urudie picha mbili kuu. Taa za buluu na zambarau zina mtego: histogramu ya jumla inaonyesha salama, kumbe rangi ya buluu pekee imeshaungua na ua limekuwa doa lisilo na petali. Fungua histogramu ya rangi tatu na upunguze mwanga mpaka buluu irudi ndani.

Taa za umeme nazo humulika na kufifia bila macho kuona. Kwenye umeme wa 50 Hz zinafanya hivyo mara 100 kwa sekunde, kwenye 60 Hz mara 120. Ukiona michirizi ya giza kwenye picha, tumia shata ya 1/50 au 1/100 kwa mfumo wa kwanza, 1/60 au 1/125 kwa wa pili, na achana na shata ya kielektroniki isiyo na sauti.

Keki usiipige kwa lenzi pana. Rudi nyuma, tumia 85mm, lenzi iwe usawa wa tabaka la katikati, na angalia nyuma yake kama kuna soketi au mlango wa stoo. Sogea wewe, keki ibaki ilipo.

Kabla wageni hawajaingia

Tafuta anayeongoza ibada au shughuli na umuulize mambo mawili: flashi inaruhusiwa, na wapi hutakiwi kusimama. Kisha mwombe mhudumu mmoja asimame pale wanandoa watakaposimama, upime mwanga usoni mwake na uandike namba kwenye simu. Taa zikibadilika baadaye utajua umeanzia wapi.

Weka betri mpya kwenye kamera zote mbili hata kama za zamani zina nusu. Badilisha kadi, na za asubuhi uziweke mwilini mwako, zisibaki kwenye begi litakalokaa chini ya meza. Rudisha ISO, rangi ya mwanga na fidia ya mwangaza kutoka mipangilio ya kivulini na suti nyeusi. Zima mlio wa fokasi, punguza mwanga wa skrini ya nyuma, kunywa maji, kisha simama mahali pako kabla ya mshereheshaji kuwaomba watu wasimame.